KHABARI KUBWA NA VISA VYA WATU
Mafunzo kutoka Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita iliamuliwa kuwa historia fupi ya chama chetu iandikwe, ili watoto wetu wapate kujua tulikotoka. Kazi hiyo imewekwa mikononi mwa ofisi, na tangu siku hiyo tumepokea maoni mengi, mengine kwa barua na mengine kwa mdomo hapo penye mizani. Wako wanachama waliosema: andikeni mambo makubwa tu, yaani mavuno, bei, sheria na miaka. Wako waliosema: waandikeni watu, maana hayo makubwa yamo vitabuni tayari, lakini wazee wetu hawamo. Na wako waliotuonya, kwa mapenzi, kuwa tukianza kutaja watu tutaamsha ugomvi uliokwisha lala.

Maoni yote matatu yana haki yake. Kwa hiyo, kabla hatujaanza kuandika, twaona yafaa tuelezane tafauti iliyopo baina ya khabari kubwa na kisa cha mtu, faida ya kila kimoja, na khatari iliyomo kikiachwa peke yake.

Mfano wetu hatukuutafuta hapa kisiwani. Mtu hulitazama shamba la mwenziwe kwa utulivu zaidi kuliko lake. Mwaka jana tulipata nafasi ya kwenda Moshi kutazama kazi za ushirika wa kahawa, na huko tuliona kuwa mambo ya wakulima wa mlimani na mambo yetu yamefanana kuliko wengi wanavyodhani.

NINI KHABARI KUBWA, NA NINI KISA?

Khabari kubwa ni maelezo yanayowachukua watu wengi na miaka mingi yakawafunga pamoja kwa kamba moja, kama mzigo wa kuni. "Wazungu waliuvumbua mlima." "Kahawa ilileta maendeleo." "Ushirika uliwaokoa wakulima." "Unguja na Pemba ni visiwa vya karafuu." Kila moja ya hizo ina mwanzo na mwisho, na tangu neno la kwanza inajua inakokwenda.

Kisa cha mtu hakijui kinakokwenda. Mtu ameamka asubuhi, ana deni dukani, ana mtoto mgonjwa, mvua imechelewa, akafanya alilofanya. Hakujua kuwa mwaka ule utakuja kuitwa mwanzo wa zama mpya au mwisho wa zama za kale.

Sisi tuliosoma chuoni hatuna haja ya kwenda mbali kuifahamu tafauti hii. Katika Qur-ani Tukufu kaumu nzima za Ad na Thamud hutajwa mara nyingi kwa maneno machache: walipelekewa mtume, wakakataa, wakaangamia. Lakini Sura ya Yusuf inamfuata kijana mmoja tangu utoto wake mpaka utu uzima, na nduguze, na baba yake, na kisima, na gereza. Hizo za kaumu hutuonya. Hicho cha Yusuf hutufundisha jinsi mtu anavyoishi na yaliyompata. Vyote viwili vimo katika Kitabu kimoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

THELUJI NA MWANACHUONI WA LONDON

Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, akitoka upande wa Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro na weupe kileleni mwake. Aliyeuongoza msafara wake alikuwa mtu wa pwani, Bwana Kheri. Rebmann ameandika kuwa kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile cheupe, akakiita "baridi" tu. Watu wengine wa pwani walikuwa wakisema kuwa ni fedha.

Khabari zilipofika Uingereza, mwanachuoni mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikataa. Bwana huyu alikuwa bingwa wa ramani za Afrika, naye mguu wake haujapata kukanyaga Afrika. Khabari kubwa aliyokuwa nayo ilisema kuwa nchi za mstari wa Ikweta ni nchi za joto. Basi theluji haiwezi kuwako, na aliyeiona hakuiona. Ubishi ulikwenda miaka mingi. Mwaka 1861 na tena mwaka 1862 Baron von der Decken alikwenda kuupanda mlima, na safari ya pili theluji ikamwangukia yeye mwenyewe.

Mara nyingi kisa hiki huelezwa kama ubishi wa Wazungu wawili. Lakini Rebmann huyo huyo ameandika jambo jengine. Alipokuwa Machame alisikia kuwa mangi mmoja wa zamani, ambaye jina lake ameliandika Rungua, alituma kundi la watu wapande juu wakakitazame kile kitu cheupe. Alirudi mtu mmoja tu, jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi.

Tuzingatie, ndugu zetu. Miaka mingi kabla ya bwana wa London kukata shauri kuwa theluji haiwezekani, alikuwako Machame mtu mmoja aliyekuwa na ushahidi wake katika vidole vyake. Hakuna aliyemwuliza. Lau Rebmann hakuliandika jina lake, leo tusingelijua kuwa aliishi.

NANI ALIFIKA KILELENI?

Khabari kubwa ya pili ya mlima yajulikana na kila mtoto wa skuli: kilele cha Kibo kilifikiwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba, 1889, na Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Ni kweli. Lakini tazameni jinsi visa vya watu vinavyoingia ndani yake.

Mwaka 1888, mwaka mmoja kabla ya ushindi wake, Meyer alijaribu safari nyengine, na hakufika hata karibu na mlima. Alikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, waliokuwa wamesimama kuwapiga Wajerumani pwani, akafungwa pamoja na mwenziwe Oscar Baumann mpaka walipokombolewa kwa fedha. Kwa khabari kubwa ya wapanda milima hayo ni mkosi wa safari. Kwa khabari kubwa ya vita vya pwani, Meyer ni mateka mmoja tu. Siku zilikuwa zile zile, na waliokuwamo ni watu wale wale.

Tena, Meyer mwenyewe katika kitabu chake amemtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu wakati wapagazi wengine walipokuwa chini. Bila ya mtu wa kutunza moto na chakula pale juu, hao wawili wasingeliweza kupanda na kushuka siku baada ya siku. Pangani ni mji wa watu wetu: minazi, majahazi na joto. Mtu wa Pangani alilala katika baridi ile usiku baada ya usiku, na hatujui alisema nini aliporudi kwao.

Iko na khabari ya Marangu. Mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari ile, mzee mmoja wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, alitambuliwa kuwa ni miongoni mwa walioiongoza. Alifariki mwaka 1996. Watu wa kwao huhesabu kuwa aliishi miaka zaidi ya 120, na wako walioitilia shaka hesabu hiyo, na hata kuwako kwake katika safari ya Meyer. Sisi si mahakimu wa jambo hilo. Tunaloliona ni kuwa kisa cha mtu nacho hakisameheki kuulizwa. Kumheshimu mzee hakuna maana ya kuacha kumwuliza mwaka na mahali. Kisa kisichoulizwa hukua, na kikisha kukua sana hugeuka kuwa khabari kubwa nyengine.

Kilele kile Meyer alikiita kwa jina la mfalme wake wa Ujerumani. Tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoweka mwenge juu yake, kikaitwa Uhuru. Jina la khabari kubwa lilibadilika. Mlima haukubadilika, wala uzito wa mizigo ya wapagazi haukubadilika.

JINA MOJA, NCHI NYINGI

Sisi watu wa visiwani husema "Mchagga" tukadhani tumekwisha sema. Ukikaa siku tatu Moshi utaona kuwa hujasema lolote. Mtu wa Machame si mtu wa Kibosho, na wa Kibosho si wa Marangu, na Warombo wana yao. Lugha zao hutafautiana, hata mtu wa magharibi ya mlima na mtu wa mashariki huona taabu kusikizana. Zamani kila nchi ilikuwa na mangi wake, na walipigana vita vingi wao kwa wao.

Jina la "Chagga" lilienea kwa vinywa vya watu wa misafara wa pwani, nalo ndilo alilolisikia Rebmann akaliandika "Jagga". Baadaye wenyewe walilichukua, wakalipa maana. Mwaka 1946 nchi zile ziliwekwa katika mafungu matatu, Hai, Vunjo na Rombo. Mwaka 1952 Thomas Marealle alitawazwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, cheo ambacho mababu hawakupata kukijua. Palikuwa na bendera, na Siku ya Wachagga, na gazeti la Komkya. Mwaka 1960 watu walipiga kura wakakiondoa cheo hicho, wakataka rais wa kuchaguliwa.

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka. Umoja ule uliwajengea skuli na ukawapa sauti mbele ya serikali ya kikoloni. Khabari kubwa ni chombo, kama jahazi: bila ya hiyo watu wengi hawavuki pamoja. Lakini mwandishi Kathleen Stahl, alipotoa kitabu chake cha historia ya Wachagga mwaka 1964, hakuweza kuiandika kama historia ya nchi moja. Ilimlazimu aende nchi baada ya nchi, mangi baada ya mangi, maana kila kilima kilikuwa na khabari yake, na mara nyingi shujaa wa huku ni adui wa kule.

KAHAWA, CHAMA NA MWAKA 1937

Sasa tufike palipotugusa sisi wakulima.

Kahawa iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19, kwa mikono ya mapadri wa misheni ya Kilema. Wenyeji waliipanda kihambani, chini ya kivuli cha migomba, karibu na nyumba. Kihamba si shamba tu: ni urithi wa ukoo, ni mahali pa makaburi ya wazee, na mipaka yake huoneshwa kwa mmea wa isale. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime kahawa ya arabika. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kujilinda, Joseph Merinyo akiwa rais wake, wakisaidiwa na Charles Dundas aliyekuwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1933 chama hicho kilifuatwa na ushirika mkuu wa K.N.C.U., wa kwanza wa namna yake katika Tanganyika. Kisha ikawekwa kanuni kuwa kila mkulima Mwafrika wa mlimani lazima auze kahawa yake kwa njia ya ushirika.

Bei ilikuwa imeanguka. Mwaka 1937 palitokea fujo, na maghala ya vyama yakavamiwa na wakulima wenyewe.

Khabari kubwa za mwaka ule ni mbili. Wakubwa wa serikali walisema kuwa wachochezi wachache waliwadanganya wakulima wajinga. Waliokuja baadaye wakasema kuwa watu waliamka kuupinga ukoloni. Tulipokuwa Moshi tulikutana na mzee mmoja wa upande wa Uru, umri wake umepita miaka 80, tukamwuliza: "Mzee, marehemu baba alikuwa upande gani?"

Akatutazama, akasema: "Wanangu, baba hakuwa na upande. Alikuwa na gunia moja la kahawa na mtoto mwenye homa. Chama kilitoa malipo ya kwanza, yaliyobaki mtu alikuwa akiyangoja. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyetoa fedha pale pale. Baba alichukua gunia usiku, akapita njia ya mfereji, akaliuza. Siku ya mkutano wa chama alikwenda akakaa mbele, kama siku zote. Alikipenda chama. Amekufa akiwa na kitabu chake cha uanachama chini ya mto."

Mzee yule hasomeki katika khabari ya kwanza, kwa kuwa baba yake hakuchochewa na mtu. Hasomeki katika ya pili, kwa kuwa hakuamka kupinga kitu. Alivunja kanuni ya chama, na alikipenda chama. Sisi tuliokaa katika ofisi ya chama twawajua watu kama huyo; huja mbele yetu kila msimu.

Lakini hapa tuseme na upande wa pili, ili tusije tukaidhulumu khabari kubwa. Baba wa mzee yule hakujua kwa nini bei imeanguka. Wenziwe wengi walidhani kuwa karani anawaibia. Ukweli ni kuwa katika miaka ile biashara ya dunia nzima ilikuwa imeharibika, na Brazil ilikuwa ikiichoma moto kahawa yake kwa mamilioni ya magunia ili bei ipande. Kutoka kihambani Brazil haionekani; anayeonekana ni karani. Mtu akiwa na kisa chake peke yake atamlaumu aliye karibu, hata kama kosa liko mbali. Khabari kubwa kazi yake ni hiyo: kumwonesha mtu sababu zisizofika mpaka mlangoni kwake.

Iko na khabari inayopendwa sana Moshi, kuwa kahawa ndiyo iliyowasomesha watoto wa mlimani. Kwa jumla ni kweli. Lakini mama mmoja sokoni Mwika alituambia kuwa fedha za kahawa zilikuwa za baba, na zilikuja kwa msimu. Ada ya skuli ikifika kabla ya malipo, mama yake ndiye aliyeteremka na mikungu ya ndizi kichwani mpaka sokoni. Ndizi zilikuwa mali ya wanawake. "Kahawa iliandikwa katika vitabu vya chama," akasema, "ndizi hazikuandikwa popote." Neno hilo tulilitia katika daftari yetu, na hatujalisahau.

MAFUVU YA BERLIN

Tutaje jambo moja zito zaidi. Mangi Meli wa Old Moshi, mwana wa Mangi Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Mwaka uliofuata wakaja na nguvu kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi, 1900, walimnyonga pamoja na viongozi wengine. Kwao husimuliwa kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi.

Katika zama zile wataalamu wa Ulaya walikuwa na khabari yao kubwa, ya kuwapanga wanadamu kwa vipimo vya mafuvu. Mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalikusanywa kwa mamia na kuwekwa katika maghala ya Berlin. Mtu aliyekuwa na mke, na mifereji, na deni la mbuzi, akawa namba.

Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kuwa, kwa kupima vinasaba, mafuvu machache yameonekana kuwa na udugu na jamaa walio hai Tanzania. Moja la mafuvu hayo lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na hudhaniwa kuwa ni la mshauri wa Mangi Meli. Katika zaidi ya 1,000 yaliyochunguzwa, ni machache tu yaliyopata watu wao. Neno moja lililoandikwa liliwafaa jamaa kuliko jedwali zima la vipimo. Khabari kubwa ile ya mafuvu imekwisha tupwa na wataalamu wenyewe. Wanaotafutwa leo ni watu.

NA SISI JE?

Turudi nyumbani sasa. Mwaka ule ule wa 1937 sheria iliipa C.G.A. ya zamani haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupeleka ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na Bara Hindi, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, ikazisusia karafuu zetu mpaka yalipopatikana maelewano mwaka 1938. Twazo khabari kubwa za mgomo huo, na zimeandikwa. Hatuna kisa hata kimoja kilichoandikwa cha mkulima wa Pemba aliyeanika karafuu zake juu ya jamvi msimu ule, akangoja mnunuzi. Watoto wa watu hao wamo katika orodha ya wanachama wetu.

Mambo hayo hayakwisha mwaka 1938. Katika miaka ya 1980 bei yetu ilianguka kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilikwisha panda mikarafuu ya kuitosha. Wangapi kati yetu walimlaumu karani wa kituo? Indonesia haionekani kutoka Wete wala Mkoani.

Khabari kubwa ya karafuu huanza na Sayyid Said na mashamba ya Unguja, kisha kimbunga cha mwaka 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na hapo kisiwa chetu kikawa ndicho cha kwanza. Yote ni kweli. Lakini mikarafuu haikujipanda. Mingi ya zamani ilipandwa na watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Majina yao hayamo popote. Mengine yanajulikana bado na wajukuu, nao huyasema kwa sauti ya chini au hawayasemi kabisa.

Tena wako miongoni mwetu watoto wa waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wako watoto wa waliokuwa wenye mashamba yale, na wako wengi ambao wazee wao walikuwa na mikarafuu yao michache kabla na baada. Kila fungu lina khabari kubwa yake. Moja yasema: haki ilirudi. Nyengine yasema: mali ilichukuliwa. Wakiketi kubishana kwa khabari hizo, hawamalizi hata kesho. Lakini sisi tumewaona watu hao hao wakiwa wameketi juu ya jamvi moja usiku, wakichambua karafuu kutoka katika makonyo, mmoja akisimulia jinsi baba yake alivyoanguka mkarafuuni, na mwengine akisema: "Baba yangu ndiye aliyembeba." Hapo hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Hili ndilo jibu letu kwa wale waliotuonya juu ya ugomvi. Khabari kubwa mbili zikikutana hugombana, maana kila moja yataka kumiliki zama zote. Visa viwili vikikutana huweza kukaa pamoja, maana kila kimoja chadai siku yake tu. Wala hatusemi kuwa visa vitafuta dhulma. Aliyedhulumiwa alidhulumiwa, na jina la jambo hilo ni lile lile. Lakini heri dhulma ielezwe kwa jina la mtu, na mwaka, na shamba, kuliko kurushwa kama jiwe kwa watu wasiokuwako.

KANUNI TATU ZA KAZI YETU

Baada ya mashauri, ofisi imekusudia kuifanya kazi hii kwa kanuni tatu.

Kwanza, kila jambo kubwa litakaloandikwa, kama sheria, bei au ugonjwa wa mikarafuu, litawekewa karibu yake kisa cha mtu mmoja au wawili waliopatwa nalo. Kisipopatikana kisa, patasemwa wazi kuwa hakikupatikana.

Pili, kila kisa kitaandikwa pamoja na mwaka, mahali, na jina la aliyekisimulia kama ameridhika litajwe. Mzee ataulizwa kwa adabu, lakini ataulizwa. Aliyeona kwa macho ataandikwa kuwa ameona, na aliyesikia ataandikwa kuwa amesikia.

Tatu, kisa kikipingana na khabari kubwa, hatutakikata miguu ili kienee kitandani. Vyote viwili vitaandikwa, na msomaji atapima mwenyewe. Baba wa yule mzee wa Uru atabaki kuwa mtu aliyekipenda chama na akauza gunia usiku.

Kutokana na neno la yule mama wa Mwika twaongeza jambo jengine: wanawake nao waandikwe. Kuchuma, kuchambua na kuanika ni kazi ambayo nusu yake, na pengine zaidi, imo mikononi mwao, na vitabu vyetu vya mizani vina jina la mwenye shamba tu.

TUNALOLIOMBA

Ndugu wanachama, kazi hii haiwezi kufanywa na katibu peke yake. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamme mmoja na mwanamke mmoja, wawaendee wazee wa mtaa wao kabla ya msimu kuanza, maana msimu ukianza hapana atakayekuwa na nafasi. Waulize mambo haya: shamba hili laitwaje, na kwa nini? Nani aliipanda mikarafuu hii, na alilipwaje? Mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote, na mlikula nini? Nani alichuma, nani alichambua? Nani alianguka?

Karatasi ziletwe ofisini, au aletwe mzee mwenyewe, nasi tutamwandikia. Asiyetaka jina lake litajwe, halitatajwa. Mwenye risiti za zamani, vitabu vya uanachama au picha azilete. Zitanakiliwa na kurudishwa siku hiyo hiyo.

Tafadhalini msichelewe. Katika orodha ya wanachama wetu wako 11 waliopita umri wa miaka 85, na mwaka jana tulizika watatu.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua kwa kiasi na mavuno ya kheri. Wassalaam.

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri